Kipande Chako, PIN Yao

Wasee, leo tuna somo la historia, na mwalimu ni mtu aliyeacha chuo. Vumilieni.

Story inaanza na deni. Kuna kampuni fulani pale Westlands ilinipa kazi ya kuhariri video sita. Kabla sijafungua hata laptopu, walitaka kopi ya kipande, PIN ya KRA, namba ya akaunti na sahihi yangu kwenye fomu ya kurasa nne. Nikatoa kila kitu mbio mbio, nisionekane msumbufu. Mimi sikuwauliza hata swali moja. Miezi mitatu baadaye doh hakuna, simu haishikwi, na ile ofisi ina mpangaji mwingine.

Sasa rudi kwa hilo neno: kipande. Wengi wetu tunaita kitambulisho hivyo bila kuuliza jina lilitoka wapi.

Mwaka wa 1901 Waingereza walileta kodi ya kibanda. Una nyumba, unalipa. Huna pesa taslimu, basi nenda ukaitafute kwenye shamba la mzungu. Lakini watu wakichoka na mshahara mbaya walikuwa wanahepa, na mwajiri hakuwa na njia ya kuwapata. Ndio ikaja sheria ya kuandikisha wenyeji ya 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alibeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Iliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajasaini, wewe ni mtoro na polisi wanakutafuta.

Cheki vizuri hapo. Mfanyakazi alionyesha karatasi kila mahali, lakini mwajiri hakuvaa chochote shingoni. Hukuwa na namna ya kujua kama huyo mtu hulipa watu wake.

Harry Thuku, aliyekuwa opareta wa simu pale Hazina, alipinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukidai aachiliwe, na polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Leo kuna Harry Thuku Road papo hapo mjini. Nilipita hapo mara nyingi nikiwa na earphone masikioni, sijui chochote.

Sheria ya 1947 iliandikisha watu wa rangi zote na kile kijaluba kikaisha. KRA ikaanza 1995, baadaye ikaja iTax, na namba mpya tunayobeba ni PIN. Tofauti ni kwamba safari hii kampuni pia inabeba yake.

PIN ya kampuni huanza na herufi P, halafu tarakimu 9, halafu herufi moja mwishoni. Ya mtu binafsi huanza na A. Programu nyingi za uhasibu zinaweza kukagua umbo hilo mara moja. Lakini umbo pekee si kitu, hata mimi naweza kubuni P na tarakimu tisa nikiwa ndani ya matatu ya Kangemi. Ukaguzi wa kweli ni kuuliza rejista yenyewe. Kwenye iTax kuna PIN Checker, ya bure, na huhitaji kuingia na akaunti. Unaandika PIN, unajibu hesabu ndogo kuonyesha wewe si roboti, kisha unaona jina la mwenye PIN, kama iko hai, na kodi alizosajiliwa kulipa. Wanaotengeneza programu nao wana GavaConnect ya KRA, ili mfumo wao uulize wenyewe bila mtu kuandika moja moja.

Nilikaa kwenye cyber moja Kangemi nikaweka PIN iliyokuwa kwenye barua yao. Umbo lilikuwa safi kabisa. Jina lililotokea lilikuwa la kampuni nyingine. Niliangalia ile skrini kwa muda. Dakika moja, bure, na ningeokoa wiki tatu za kukesha.

Lakini nisiwadanganye. PIN halali haimaanishi mtu mzuri. KRA imewahi kuwafikisha kortini watu wenye kampuni za makaratasi zilizouza ankara hewa, na kampuni kama hizo zinaweza kuwa na PIN sawasawa. Kwa hivyo linganisha jina na lile la mkataba, kisha omba malipo ya kwanza kabla ya kuanza.

Juni 2024 tulijaa barabarani tukiuliza serikali kodi zetu zinaenda wapi. Sikubali kwamba kizazi kinachouliza serikali hivyo kiogope kumuuliza mteja namba yake. Kukaguliwa tumezoea tangu siku za shingoni. Wewe pia kagua.

Ukipewa kazi wiki hii, wakisema "tuma PIN," jibu kwa heshima: "Sawa, na yenu je?" Akikasirika, ashakujibu.

Kama umewahi kuliwa doh hivi, niambie hapo chini.