Mezani na Shambani: Walemavu wa Masisi na Walikale

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twapata habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonatani. Alikuwa mtoto wa miaka 5 habari mbaya ya vita ilipofika nyumbani. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Ni nani katika Masisi asiyeijua habari ya namna hiyo? Milima yetu ina watoto wengi walioanguka siku ya kukimbia.

Lakini ulemavu haukuanza na vita. Zamani polio ilipooza miguu ya watoto wengi, na wazazi wengi walisema mtoto amerogwa. Hata mitume walimwuliza Bwana Yezu juu ya yule aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Chanjo nayo imetoa ushahidi wake. Mwezi wa Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imekwisha katika Afrika. Polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyogeuka imebaki, nayo hushika mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Kama ingekuwa uchawi, sindano na matone vingewezaje kuuzuia?

Kisha vikaja vita. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, huko Walikale, na moto ule ukapanda hadi Masisi. Maelfu walikufa. Tangu hapo risasi, panga na mabomu vimewaachia wengine mwili usio mzima. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-kati, na mwezi wa Machi vikafika Walikale-kati. Watu walipokimbia, asiyeweza kutembea alifanya nini? Alibebwa mgongoni, au alilazwa juu ya chukudu, au aliachwa.

Tusisahau wema uliotendeka. Tangu mwaka 2007 Madaktari Wasio na Mipaka wamesaidia hospitali ya Masisi. Mjini Goma, kituo cha Shirika la Umoja kimewapa waliokatwa viungo miguu ya bandia na kuwafundisha kutembea tena, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Lakini toka Walikale hadi Goma ni kilometa zaidi ya 200, na njia ni matope. Tena mguu mpya si mwisho wa shida. Mtu arudi kijijini amesimama wima, akute shamba lake limegawanywa na biashara yake imekufa. Ataishi kwa nini?

Tusidhani kwamba kilema hawezi kazi. Tangu miaka ya 1970 vilema wa Kinshasa walivuka mto kwenda Brazzaville kufanya biashara, kwa sababu nauli yao katika meli ilipunguzwa. Penye mpaka wa Goma na Gisenyi wengi walijulikana kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, zilizojaa bidhaa. Mlango ulifunguliwa kidogo tu, nao wakapita na kulisha watoto wao.

Baba Mtakatifu Fransisko alitazamiwa Goma mwezi wa Julai 2022, goti likamzuia. Alipofika Kinshasa mwaka 2023 alisukumwa katika kiti cha magurudumu, akawasikiliza watu wa mashariki walioumizwa na vita. Je, kiti kile kilimzuia kuliongoza Kanisa?

Serikali pia imesema neno. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria yao wenyewe. Basi haki imeandikwa, lakini karatasi hailimi wala haipandi. Kazi imebaki kwetu.

Turudi kwa Mefiboshethi. Mfalme Daudi alipomtafuta kwa ajili ya Yonatani, alifanya mambo mawili. Kwanza alimketisha mezani pake, kama mmoja wa wana wa mfalme. Pili alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli, akamwamuru Siba na wanawe wayalime kwa ajili yake. Alimpa heshima, akampa na mali.

Sisi tumezoea kutoa sahani ya maharagi na kufunga mlango. Nami naungama: miaka mingi niliandika majina ya vilema katika daftari ya wanaopewa sadaka. Katika daftari ya likirimba ya shirika letu sikuandika hata mmoja. Sikuwauliza kama wanataka kuweka na kukopa kama wengine. Niliwafikiri ni mikono ya kupokea tu.

Ndugu msomaji, Dominika ijayo tazama daftari za shirika lako. Jina la jirani yako kilema limeandikwa katika ipi?