Wanawake Wapika Pombe wa Uingereza ya Kale

Wasikilizaji wetu, mwanamke auzaye mlangoni pake kitu alichokipika jikoni mwake ana watu wawili wa kuwaridhisha: mnunuzi na mwenye amri. Leo twapenda kuwaeleza habari za wanawake wa Uingereza ya kale waliofanya kazi hiyo, na jinsi sheria ilivyowaingilia.

Katika karne ya 13 pombe ya nafaka ilikuwa kinywaji cha kila siku katika nyumba za Waingereza, na watoto pia walinywa ile iliyo hafifu. (Sisi tuliofunzwa katika shule za misheni hatusemi haya ili kuisifu pombe, twaeleza mambo yalivyokuwa.) Pombe hiyo ilifanywa kwa kimea na maji, nayo ilichacha baada ya siku chache tu. Basi mke wa mkulima alipopika pipa zima, watu wa nyumbani hawakuweza kulimaliza, akawauzia jirani iliyosalia. Juma la pili jirani ndiye aliyepika, naye yule akanunua kwake. Ili watu wajue kwamba pombe iko tayari, alisimamisha nje mti mrefu wenye fungu la majani nchani. Hata mjane aliweza kupata riziki kwa njia hiyo, maana vyombo alivyohitaji vilikuwa vile vile vya jikoni.

Yapata mwaka 1266, katika utawala wa Mfalme Henry wa Tatu, ilitolewa sheria ya mikate na pombe. Werevu wake wastahili kuangaliwa. Kilichobadilishwa katika mkate si bei, bali uzito: ngano ikipanda bei, mkate wa robo peni ulipunguzwa, ikishuka, uliongezwa. Pombe nayo ilifuata bei ya nafaka. Nafaka ikiwa kwa bei iliyotajwa katika sheria, mjini galoni 2 ziliuzwa kwa peni moja, na mashambani galoni 3 au 4. Tena waliwekwa waonja pombe, watu walioapishwa kwa kazi hiyo. Mahali pengi mwanamke aliyekwisha kupika hakuwa na ruhusa ya kuuza mpaka mwonja amefika, ameonja, na bei imekubaliwa. Vipimo navyo vilikaguliwa kama ni vya haki.

Mwenye kosa alitozwa faini. Akizidi kukosa, mwoka mikate aliweza kufungwa shingo na mikono katika mbao mbele ya watu wote, na mpika pombe kukalishwa katika kiti cha aibu.

Lakini tukizisoma hesabu za mabaraza ya vijiji, twaona wapikaji wale wale wakitozwa faini baraza baada ya baraza, mdanganyifu na mwaminifu pamoja. Faini ilikuwa imegeuka kodi. Twadhani mnunuzi hakufaidiwa sana; aliyefaidiwa ni bwana wa ardhi, kwa kuwa fedha ziliingia mfukoni mwake.

Walakini si faini iliyowaondoa wanawake katika kazi ile. Baada ya tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349, wapikaji walizidi kuwa wachache, na kila mmoja akapika kwa wingi. Kisha ikaja kutoka Uholanzi na nchi jirani pombe iliyotiwa maua ya mmea uitwao hopu. Hiyo haikuchacha upesi, yaweza kusafirishwa mbali. Lakini ilitaka vyombo vikubwa, kuni nyingi, na mtaji. Mwaka 1552 sheria mpya ikaamuru kila mwenye nyumba ya pombe apate ruhusa ya mahakimu na kuweka dhamana. Yapata mwaka 1600 upikaji katika London ulikuwa umekwisha kuwa kazi ya wanaume. Lilibaki jina la ukoo Brewster, ambalo asili yake ni mwanamke mpika pombe.

Sheria ya mikate ilidumu zaidi: ilifutwa London mwanzoni mwa karne ya 19, na kwingineko Uingereza mwaka 1836.

Jambo hili lilizuka tena mbali sana. Mwaka 2012 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kuwaruhusu watu kuuza vyakula vya jikoni mwao visivyoharibika upesi, kama mikate na jamu, bali si keki zilizojazwa krimu. Kila kifurushi sharti kiwe na maandishi ya kumjulisha mnunuzi kwamba chakula kimepikwa nyumbani.