Achari: miaka 700 kwenye sinia la Pwani

Mwaka 2031 itatimia miaka 700 tangu Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliposhuka Mogadishu na kukirimiwa na sultani wa mji. Aliletewa wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni vitu vilivyolowekwa kwa siki na chumvi: ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Embe likiiva ni tamu, alisimulia, lakini changa ni kali kama ndimu, na hilo ndilo linalotiwa siki. Wenyeji wake walikuwa wakila tonge la wali, kisha wanafuatisha na achari kidogo.

Aliyewahi kukaa kwenye sinia la pilau Lamu, Mombasa au Unguja anakijua kitendo hicho. Ndiyo maana naumia nikisikia achari ikiitwa chakula cha Wahindi, kana kwamba ilishuka melini pamoja na mafundi wa reli mwaka 1896. Majahazi ya msimu yalikuwa yamekwisha kuyafungamanisha majiko yetu na ya Gujarati, Uajemi na Uarabuni karne nyingi kabla. Baada ya Wareno tukapata pilipili kali za asili ya Amerika. Familia za Kigujarati zilizohamia huku zikaongeza uwatu, mvuje na haradali, na zikatufunza embe la kukuna linaloiva juani pamoja na sukari.

Ibn Battuta hakutaja nani alizitengeneza zile achari za sultani. Mimi nimemuuliza mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye nyumbani kwake msimu wa embe haupiti hivi hivi. Kwake yeye habari yote ni maji. Embe bichi, lile gumu ambalo kokwa yake bado laini, huoshwa kisha hufutwa kwa kitambaa hadi likauke kabisa ndipo likatwe. Vipande hutiwa chumvi na manjano, vikaachwa usiku kucha vitoe maji yake, halafu vikaanikwa. Baadaye huja pilipili, kitunguu thaumu, uwatu uliokaangwa na haradali iliyopondwa, na mwisho mafuta, yafunike kila kipande. Chumvi imenyonya maji na mafuta yamezuia hewa, kwa hiyo ukungu haupati pa kuotea. Kijiko chenye tone moja la maji kinatosha kuharibu chupa nzima, na mama huyu hamruhusu mtu mwingine kuichota.

Ujuzi wa namna hii ulimtajirisha mtu aliyetoka huku kwetu. Mwaka 1956 Laxmishanker Pathak, mzaliwa wa Gujarati aliyekuwa akiishi Kenya, alihamia London na mkewe Shanta Gaury na watoto wao. Inasimuliwa kwamba mfukoni alikuwa na paundi 5. Walianza na sambusa na vitamutamu vilivyopikwa katika jiko dogo la nyumbani, mtaa wa Kentish Town. Biashara ikakua, zikaja achari za chupa, na jina likaandikwa Patak's, bila ile herufi h, ili Waingereza walitamke kwa urahisi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu walitua Uingereza wakiwa na hamu ya ladha za nyumbani.

Kisha ukaja ugomvi. Mwaka 2004, miaka saba baada ya mzee kufariki, binti zake wawili walimshtaki kaka yao Kirit, aliyekuwa akiiendesha kampuni, katika Mahakama Kuu ya London. Walidai kwamba baba aliwapa hisa, mama akazishika kwa niaba yao, na mwaka 1989 zikahamishiwa kwa Kirit bila ridhaa yao. Mama mwenyewe alisimama upande wa mwanawe. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mila za Kihindu binti akishaolewa harithi mali ya nyumba ya baba. Magazeti ya Uingereza yaliifuata kesi kwa siku nyingi, hadi pande mbili zikapatana kabla ya hukumu. Mwaka 2007 kampuni iliuzwa kwa Associated British Foods.

Kilichonigusa katika kesi hiyo ni kwamba mali iliyogombewa ilianzia kwenye jiko ambalo Shanta Gaury alikuwa akipika, na bado swali likawa kama wanawake wana fungu ndani yake.

Huku kwetu mambo yamelegea. Kwa watoto wengi wa Mombasa, achari siku hizi ni vipande vya embe kavu vilivyotiwa rangi nyekundu, vikauzwa kwenye vijaluba vya plastiki. Msimu ukifika, maembe ya Kilifi huoza chini ya miti, nasi tunakwenda dukani kununua chupa iliyotoka Uingereza au India. Hiyo ni aibu yetu.

Makumbusho ya Fort Jesus na ya Lamu yangeweza kuwaita kina mama wanaojua kazi hii, wapike mbele ya vijana, na vipimo vyao viandikwe, kwani wengi wanapima kwa kiganja. Msimu ujao wa embe unatosha kuanza.