Pole kwa kuuguza: namna ya kumthamini anayeuguza mgonjwa wakati wa sikukuu

Sikukuu zikikaribia, nyumba nyingi hujaa wageni. Mwezi Desemba watu hutoka Dar es Salaam na miji mingine kurudi kwao, na wakati wa Idd ndugu hutembeleana. Lakini nyumba yenye mgonjwa wa saratani, kiharusi, figo au ugonjwa mwingine mzito ina mtu mmoja ambaye kwake sikukuu ni siku ya kazi. Huyo ni yule anayeuguza. Makala hii inamhusu yeye, na inatuhusu sisi tunaofika kumwambia "pole kwa kuuguza".

Anayeuguza ni nani?

Mara nyingi ni mke, binti, mkwe au mama wa mgonjwa. Wapo pia waume na vijana wa kiume. Wengi hawakupangiwa kazi hii na yeyote, walikuwa tu karibu mgonjwa alipozidiwa.

Kazi yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa karibu kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulala. Maana yake anayeuguza huamka saa 6 usiku, saa 8, saa 10 na saa 12 asubuhi. Mchana anaogesha, analisha, anafua mashuka, anatoa dawa na kufuatilia kliniki.

Kwa nini sikukuu humwongezea mzigo?

- Wageni wanahitaji kupikiwa na kupokelewa.
- Kila anayeingia anataka aelezwe ugonjwa tangu mwanzo.
- Wapo wanaouliza, "Mbona amekonda hivi, mnampa chakula kweli?" Maneno haya huumiza sana. Saratani na magonjwa mengine mazito humkondesha mtu hata akitunzwa vizuri.
- Kliniki nyingi hufungwa siku za mapumziko, na dawa zinaweza kuisha.

Dalili kwamba anayeuguza amechoka kupita kiasi

Hapati usingizi hata akipata nafasi ya kulala. Anapungua uzito. Analia au anakasirika kwa jambo dogo. Mgongo unamuuma kila siku. Anasahau dawa zake mwenyewe za presha au kisukari. Hataki tena kuongea na watu. Ukiona dalili hizi, usimwambie ajikaze. Anahitaji kupumzika na kuonwa na mtoa huduma za afya.

Ndugu na wageni, fanyeni haya

1. Chukua kazi, usiishie kuuliza. Ukimuuliza "nikusaidie nini?", atakujibu "niko sawa tu". Mwambie hivi: "Dada, leo mimi nakaa na mgonjwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nionyeshe anavyogeuzwa na dawa zake, kisha wewe nenda ibadani, nenda kwa rafiki yako, au lala."

2. Geuzeni mgonjwa watu wawili. Tandikeni shuka au kitenge kilichokunjwa chini ya mwili wake, mkishike pande zote mbili na kumsogeza nacho. Kunjeni magoti, msiinamishe mgongo.

3. Kaa muda mfupi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mgonjwa. Mwenye mafua au kikohozi asubiri mpaka apone.

4. Usimlishe bila kuuliza. Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na kipande cha nyama au punje za pilau. Anayeuguza ndiye anayejua anachoweza kumeza. Mgonjwa hulishwa akiwa ameketishwa wima, kidogo kidogo, na asilazimishwe.

5. Mkumbuke kwa fedha. Familia huchangia dawa na nauli ya mgonjwa, ikamsahau aliyefunga genge lake au kuacha kibarua ili auguze. Tengeni kitu chake mwenyewe, hata kama ni kidogo.

6. Pangeni zamu kwenye kikao cha familia. Ndugu wakiwa pamoja, andikeni nani atakuja Januari, nani Februari, na aliye mbali atalipia nini. Bila zamu, shukrani zote huisha wageni wakipanda basi.

7. Mshukuru mbele ya watu. Taja alichofanya: "Mama hana kidonda hata kimoja kwa sababu yako." Neno kama hilo hukaa moyoni muda mrefu.

Kabla ya sikukuu, hesabuni dawa

Wiki moja kabla, angalieni kama dawa zitatosha kuvuka tarehe 25 na 26 Desemba hadi baada ya Januari 1. Waulizeni wahudumu wenu namba ya kupiga usiku au siku ya mapumziko.

Kama mgonjwa anatumia mofini ya maji kwa ajili ya maumivu:

- Mpeni kwa saa na kipimo alichoandikiwa. Msiiache ghafla, wala msimwongezee ili alale wageni wakiwepo.
- Ifungieni mbali na watoto. Nyumba ikiwa na wageni, chupa ya dawa inaweza kudhaniwa kinywaji.
- Mofini hufunga choo. Ulizeni mapema dawa ya kulainisha choo.
- Akilala usingizi mzito asiamshike, au akipumua polepole sana, mpelekeni hospitali mara moja.

Ulizeni pia kuhusu tiba shufaa. Hii ni huduma ya kupunguza maumivu na kuisaidia familia, na haimaanishi kwamba mgonjwa ameachwa afe. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni mojawapo ya sehemu zinazoitoa.

Na wewe unayeuguza

Mtu akijitolea kukupokea, kubali. Hata kama hatafanya kama wewe, mgonjwa atakuwa salama kwa saa chache. Kula chakula cha sikukuu ukiwa umekaa. Meza dawa zako. Kuchoka, hata kukasirika, hakumaanishi kwamba humpendi mgonjwa wako. Wengi ninaowatembelea hunieleza hivyo kwa sauti ya chini, kana kwamba wametenda kosa. Si kosa.

Lakini ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, mwambie mtu unayemwamini na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kumbuka: "Pole kwa kuuguza" ni salamu nzuri. Ukishaisema, weka mkoba chini, nawa mikono, uulize mgonjwa anageuzwa saa ngapi.