Simu kwenda Menlo Park: jinsi kompyuta zilivyopata majina

Miaka ya 1970, aliyetaka kompyuta yake ijulikane mtandaoni alipiga simu. Simu yenyewe ya waya, tena saa za kazi kwa majira ya California. Upande wa pili, katika taasisi ya utafiti ya SRI mjini Menlo Park, ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler ilipokea jina la kompyuta pamoja na nambari yake, ikayaingiza katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT. Wenye kompyuta kwingineko walilichukua faili hilo na kulinakili kwenye mashine zao. Daftari la anwani la mtandao mzima lilikuwa hilo tu.

Mtandao wenyewe uliitwa ARPANET, uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Ujumbe wa kwanza ulipita humo usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka chuo kikuu cha UCLA kwenda hukohuko SRI. Mwanafunzi Charley Kline alikusudia kuandika LOGIN. Zikafika herufi mbili, L na O, kisha mfumo ukagoma. Miaka 12 baadaye, Agosti 1981, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa 213. Kwa idadi hiyo daftari moja halikumsumbua mtu.

Anayeanza kujifunza mambo haya mara nyingi huchanganya nambari na jina. Kompyuta zenyewe hutambuana kwa nambari, yaani anwani ya IP. Jina limewekwa kwa ajili yetu binadamu tusioweza kukariri tarakimu. Ukituma picha, hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba nambari ya mtumaji na ya mpokeaji. Vifaa vya njiani, ruta, husoma nambari ya mpokeaji na kuisukuma pakiti mbele, majina hayawahusu. Kanuni za usafirishaji huo, TCP/IP, zilibuniwa na Vint Cerf na Bob Kahn, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia kanuni hizo. Wapo wanaoihesabu 1969 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa intaneti. Mimi naichagua siku hii, kwa sababu kuanzia hapo mitandao yenye mitambo tofauti iliweza kuzungumza.

Na mitandao ilipozungumza, daftari la Menlo Park likaelemewa. Kila kompyuta mpya ilimaanisha faili jipya, na kila faili jipya lilibidi linakiliwe upya kila mahali. Majina nayo yaligongana, maana kila mtu alitaka lile fupi. Jon Postel, aliyekuwa akisimamia nambari za mtandao, akampa mwenzake Paul Mockapetris kazi ya kusuluhisha mapendekezo kadhaa yaliyokuwa mezani. Mockapetris akayaweka kando, akabuni mfumo wake mwenyewe. Ulichapishwa Novemba 1983, nao ndio DNS, tunaoutumia hadi leo bila kuuona.

Siri ya mfumo huo ni kwamba hakuna anayejua kila kitu. Chukua udsm.ac.tz, jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulisome kutoka kulia. Swali la kompyuta yako huanzia kwenye seva za juu kabisa (seva ni kompyuta iliyowekwa kuzihudumia nyingine), nazo hazikijui chuo. Zinajua tu nani anashika tz. Wa tz ataelekeza kwa wahusika wa chini yake, mpaka nambari ipatikane. Ni kama mgeni anayetafuta nyumba kijijini: mwenyekiti wa kijiji humpeleka kwa wa kitongoji, naye kwa balozi wa nyumba kumi. Safari yote hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na jibu huhifadhiwa kwa muda ili swali lisirudiwe.

Machi 1985 kampuni ya Symbolics ya Massachusetts ikasajili jina la kwanza la .com. Kwa upande wa nchi, Postel alikwepa mtego: badala ya kuamua mwenyewe ipi ni nchi na ipi siyo, alishika orodha ya kimataifa ya herufi mbilimbili iliyokuwapo tayari. Ndiyo maana Zanzibar haina herufi zake. Kenya ilikabidhiwa .ke mwaka 1993, Uganda .ug na Tanzania .tz mwaka 1995. Zaire ilipogeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, .zr ikaipisha .cd.

Wavuti ulikuja baadaye sana, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani ndio intaneti. Tim Berners-Lee aliuwaza mwaka 1989 akiwa katika maabara ya CERN, Uswisi, na mwaka uliofuata akaandika kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kufungulia kurasa. Alipanda tu juu ya barabara na majina yaliyokuwapo. Mikwaju miwili inayofuata http: ni yake, mwaka 2009 alikiri kwamba haikuwa na kazi.

Kujua anwani, hata hivyo, si kuwa na njia. Miaka ya 1990 barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za Nairobi ilipanda setilaiti hadi Marekani au Ulaya, ndipo irudi mtaa wa pili, kwa gharama ya fedha za kigeni. Kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa 2000. Mdhibiti wa mawasiliano akakifunga baada ya majuma mawili hivi, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kwa data ya kwenda nje, njia mbadala ya setilaiti, yaani nyaya za chini ya bahari TEAMS na SEACOM, zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009.

Nambari nazo zikapungua. Mpango wa awali ulitoa anwani zipatazo bilioni 4.3, na tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu liligawa mafungu matano ya mwisho, moja likienda AFRINIC, shirika la Afrika lenye makao Mauritius. Mrithi wake, IPv6, ana nambari nyingi kupita kiasi, lakini uhamaji umekwenda taratibu. Kwa sasa wengi tunagawana. Ukifungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yako ukakuta anwani inayoanza na 192.168, ujue hiyo ni ya humo ndani tu, na kwa jirani inaweza kuwapo ileile. Nambari inayoonekana nje ni ya ruta, na huenda nayo inatumiwa na nyumba nyingine pia.