Konokono wa Mabwawa ya Samaki Morogoro: Historia ya Kuwatambua na Kuwadhibiti

Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ndiyo chanzo cha mito ya Ruvu, Mgeta, Ngerengere na Morogoro, na maji ya mito hiyo yanapoteremka kwa kasi juu ya mawe hayawafai konokono waenezao kichocho, kwa kuwa wanyama hao hushindwa kustawi pale mkondo unapozidi takriban sentimita 30 kwa sekunde. Hali hubadilika maji yanapofika bondeni na kutuama katika malambo, majaruba ya mpunga, mifereji iliyoota magugu na mabwawa ya samaki. Kwa kuwa mabwawa hayo huchimbwa na watu wenyewe, historia ya konokono wake haitenganishiki na historia ya ufugaji wa samaki.

Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza Tanganyika mwaka 1949, huko Korogwe na Malya, na kufikia mwaka 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Idadi hiyo ilificha udhaifu mkubwa, kwani mengine yalikuwa na mita za mraba 20 tu, mengine yalichimbwa mahali pasipo na maji ya kutosha, na kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 1967 haikufaulu kwa sababu ya usimamizi mbovu na matumizi ya mbinu zisizofaa. Elimu ya kuyarekebisha makosa hayo ilikuja kupata makao Morogoro, katika kituo cha taifa cha ufugaji wa samaki cha Kingolwira na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Hata hivyo bwawa lililotelekezwa halikauki siku mwenyewe anapolikatia tamaa: huendelea kuwa dimbwi la kina kifupi lenye magugu na matope, na konokono hawana makao bora kuliko hayo.

Kwamba konokono ana sehemu katika ugonjwa wa binadamu ni jambo lililochelewa kujulikana. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, lakini ilipita miaka zaidi ya sitini kabla ya Keinosuke Miyairi na Masatsugu Suzuki kuthibitisha huko Japani, mwaka 1913, kwamba vimelea hao hukua ndani ya konokono, na kabla ya Robert Leiper kuonyesha nchini Misri, mwaka 1915, kwamba kila aina ya kichocho ina konokono wake. Mayai ya minyoo yatokayo katika mkojo au kinyesi huanguliwa majini, viluwiluwi vyake humwingia konokono na kuongezeka humo kwa wiki kadhaa, kisha hutoka serkaria, yaani lava wadogo wenye mkia wanaopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Tangu hapo kazi ya kwanza ikawa kutambua, na kipimo chake ni chepesi: gamba hushikwa ncha ikiwa juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huyo huwa ni wa jenasi ya Bulinus, ambamo wamo wanaoeneza kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, na gamba likiwa jembamba lenye mdomo mpana, yaelekea ni Lymnaea natalensis, anayeeneza minyoo bapa wa ini kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Gamba lililolala bapa kama kamba iliyozungushwa ni la Biomphalaria, mwenezaji wa kichocho cha tumbo. Melanoides tuberculata, mwenye gamba refu lililochongoka na kifuniko mdomoni, haenezi kichocho, na kumpiga vita ni kupoteza nguvu.

Silaha ya kwanza ilikuwa sumu. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ulitumika katika nchi nyingi, lakini nguvu yake hupotea upesi katika matope na majani, na baadaye ikaja niklosamidi, ambayo ndiyo iliyotumika Unguja na Pemba katika mradi wa kutokomeza maambukizi ya kichocho ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa mfugaji dawa hizi zina kasoro isiyovumilika: huua samaki pamoja na konokono.

Mkoa wa Morogoro wenyewe ulichangia utafutaji wa sumu ya mimea. Baada ya Aklilu Lemma kugundua nchini Ethiopia, mwaka 1964, kwamba matunda ya endodi yaliyotumika kufulia nguo huua konokono, watafiti wa maabara ya Ifakara, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy wa Uswisi, waliyajaribu maganda ya mti wa miombo uitwao Swartzia madagascariensis, wakachapisha matokeo yake mwaka 1986. Sumu hiyo ilipatikana bila fedha za kigeni, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa nchi ya wakati ule. Lakini maganda hayohayo yamekuwa yakitumiwa na wavuvi kulewesha samaki, hivyo hayafai katika bwawa lenye perege.

Wengine waliweka tumaini kwa samaki Astatoreochromis alluaudi, mla konokono kutoka Ziwa Victoria, aliyejaribiwa katika malambo ya Kenya na baadaye Kameruni. Ilibainika kwamba akilelewa kwa chakula laini mataya yake ya kooni hayakomai, naye huacha kuvunja magamba.

Kilichobaki, na kilichostahili kutangulia, ni kazi ya jembe: kung'oa magugu ya kingoni, kuchimba kingo zenye mwinamo mkali, kukausha bwawa baada ya kila mavuno, na kunyunyiza chokaa juu ya matope yangali na unyevu, kwa kuwa Bulinus anaweza kulala ndani ya udongo mkavu kwa miezi kadhaa na kuamka mvua zinaporudi. Mwenye kufanya kazi hiyo avae mabuti na glovu. Bwawa lisiloweza kutolewa maji yote halifai kuchimbwa.