Mtoto Aliyeniuliza Habari za Katuni



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya watoto wa Utoto Mtakatifu, mvua ilitukuta barazani pa kanisa, nasi tukakaa kuisubiri ipungue. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa akaniuliza: "Baba Paroko, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unaangalia katuni gani?" Nikamjibu kwamba sikuangalia yoyote, kwa maana televisheni haikuwapo. Watoto wakatazamana. Kisha binti mdogo akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Kwa hiyo mlikuwa mnalala tu?"

Nilicheka, lakini swali lile sikuliacha pale barazani. Nimeona vema juma hili tulitafakari pamoja, kwa kuwa ndani yake imo historia ya nchi yetu, na imo pia hesabu ambayo sisi tulio wazazi na walezi tunapaswa kuitoa mbele ya Mungu.

Tuanze na historia. Majirani zetu wa Kenya na Uganda walianza kuwa na televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zanzibar ilianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi, jambo lililokuwa geni katika sehemu kubwa ya Afrika. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi jijini Dar es Salaam, kikiwemo ITV. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka michache baadaye. Jambo hili halikutokana na umaskini peke yake. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ni anasa ambayo ingewafikia wachache wa mijini, na kuongeza pengo kati yao na ndugu zao wa vijijini. Redio iliweza kufika kila mahali, na hata asiyejua kusoma aliielewa. Basi taifa likachagua redio.

Ndiyo maana mtu wa umri wangu, aliyezaliwa na kukulia vijijini hapa Singida, akikaa na wenzake kukumbuka vipindi vya utotoni, hana picha ya kukumbuka. Anakumbuka sauti. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ndiyo ilikuwa redio ya nchi nzima, na hadi ilipokuja Radio One mwaka 1994 hatukuwa na nyingine ya kuishindanisha nayo huku Bara. Nasi watoto tulikuwa na kipindi chetu, Mama na Mwana, kilichoongozwa na Bibi Debora Mwenda. Naamini wapo kati yenu ambao wakisoma jina hilo wanaisikia sauti yenyewe, ile sauti ya mama aliyeketi kwa utulivu, asiye na haraka, anayesimulia hadithi kama vile watoto wote wa Tanzania wamemzunguka mkekani.

Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Betri zilikuwa adimu na ghali. Zilipokwisha nguvu tulizianika juani pamoja na mtama, kisha tukazirudisha zikatoa sauti nyembamba kwa muda. Baba alihesabu vipindi kama mtu anavyohesabu akiba ya chakula: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, iliyotanguliwa na mlio wa ngoma, ilikuwa haki yake, Mama na Mwana ilikuwa haki yetu. Watoto wa jirani walikuja, tukakaa chini, na aliyepiga kelele alitolewa nje bila rufaa.

Redio hiyo haikuwalea watoto tu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima takribani milioni mbili walijiunga katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio kila juma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Wazee wetu wanaikumbuka. Redio ilisikilizwa na kikundi, na baada ya kusikiliza watu walizungumza, kisha wakatenda. Tulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Hadi hapa, wapendwa, nimesimulia kama wanavyosimulia wote wanaotamani siku zilizopita: zamani palikuwa pazuri, watoto wa siku hizi wameharibiwa. Lakini mbele ya Mungu hatuwezi kusimulia nusu ya habari. Ninayo nusu ya pili, nayo hainisifu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msimulizi. Jioni, kabla hatujawa na redio, alikuwa akikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, naye akitusimulia kwa Kinyaturu. Redio ilipoingia nyumbani, tulianza kumwomba afupishe. Baadaye tukaacha kumwomba kabisa. Hadithi zake tulikuwa tumekwisha kuzisikia, tena hazikuwa na muziki. Siku moja, tulipokuwa tumekusanyika mbele ya kabati lile, alisema neno ambalo wakati ule tulilicheka: kwamba yule mama wa redio ni mwema na anasema vizuri, ila hajui jina la mtoto hata mmoja wa nyumba hii.

Leo nalielewa. Bibi alipokuwa akisimulia, alikuwa akitutazama. Aliyepigana siku hiyo alijikuta ndani ya hadithi, amekuwa fisi. Aliyefiwa na mdogo wake alipewa hadithi iliyoishia penye faraja. Aliposinzia mmoja wetu, hadithi ilisimama ikamsubiri hadi kesho. Redio, kwa wema wake wote, haikuweza hilo. Nasi, bila uovu wowote, tulibadilisha moto kwa kabati.

Naungama kwenu matokeo yake. Hadithi za Mama na Mwana na sauti yake ninazikumbuka vizuri. Hadithi za bibi yangu nazikumbuka mbili tu, na moja kati ya hizo haina mwisho. Ni ya binti aliyetumwa kuteka maji wakati wa ukame, akakuta kisima kinalindwa na fisi, na fisi akamwambia hatampa maji mpaka kwanza ampe jina lake. Binti akasita, maana ndoo ilikuwa tupu na mama yake mgonjwa. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Sijui kama alilitoa jina lake au alilishika.

Kwa hiyo, tunapowalaumu watoto kwa kushikamana na televisheni na simu, tukumbuke kwamba wazee wetu walitulaumu vivyo hivyo kwa redio, na hawakukosea kabisa. Wala sisi hatukukosea kabisa. Redio ilitufundisha Kiswahili kizuri, ikatufanya watoto wa Singida, wa Mtwara na wa Kagera tusikie hadithi ileile, tukajiona ndugu. Hiyo ni zawadi kubwa, na mataifa mengi hayakuipata. Lakini kila zawadi ya namna hii huja ikiwa imeshika kitu kwa mkono wa pili, na mwenye nyumba asipoangalia, huondoka nacho.

Kanisa halijapata kuviogopa vyombo hivi. Papa Pius XI alizindua Redio Vatikano mwaka 1931, ikiwa imejengwa na Marconi mwenyewe. Katika miaka ya 1950 Papa Pius XII alimfanya Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Wengi hushangaa: mtawa wa karne ya 13 ana nini na televisheni? Inasimuliwa kwamba usiku wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda kanisani pamoja na wenzake, Mungu alimjalia kuona na kusikia ibada ile akiwa chumbani mwake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliviita vyombo hivi mambo ya ajabu ambayo Mungu amemwezesha binadamu kuyavumbua, huku ukiwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuangalia kinachoingia nyumbani.

Hata leo mema yapo. Tangu mwaka 2014 watoto wetu wanacho kipindi cha Ubongo Kids, kilichobuniwa hapahapa Tanzania, kinachofundisha hisabati na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Nimewasikia watoto wa hapa Mgori wakiimba nyimbo zake huku wakirudi kutoka kisimani, na hesabu zao zilikuwa sahihi. Tukishukuru kwa Mama na Mwana, tushukuru na kwa hili. Umeme na paneli za jua zimefika katika nyumba ambazo zamani zilianika betri, na king'amuzi kimekaa palipokuwa na redio. Mimi simwiti mzazi aliyenunua king'amuzi mkosefu. Ninachomuuliza ni hiki: kipindi kikiisha, nani anazungumza na mtoto? Vikundi vya Mtu ni Afya vilisikiliza, kisha vikajadiliana. Sisi tunazima taa na kulala.

Katika Maandiko Matakatifu, imani inaanzia kwenye swali la mtoto. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanaagizwa kwamba watoto wao watakapouliza maana ya ibada ya Pasaka, wawasimulie jinsi Bwana alivyowaokoa. Yoshua anasimamisha mawe kumi na mawili ya Yordani ili siku moja watoto wayaulize. Zaburi ya 78 inawaapisha wazee wasiwafiche watoto wao matendo ya Bwana. Hayati Papa Fransisko alilichukua wazo hilo katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani wa mwaka 2020, akikazia habari ya kusimulia kwa wana na wajukuu, kama inavyosomwa katika Kutoka 10:2. Mungu hakuagiza kwamba mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa hadithi. Aliagiza kwamba mzazi awe na la kusema.

Nimalizie kwa jambo linaloniuma. Yupo mama mzee wa parokia hii ambaye siku moja, nilipomtembelea, nilimweleza mwanzo wa hadithi ya binti na fisi. Akacheka, akasema anaijua, aliisikia kwa mama yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiharakia mkutano wa Halmashauri ya Walei. Nikamwomba anieleze mwisho wake tu. Akakataa kwa upole: "Baba, hadithi haisimuliwi mlangoni. Njoo siku moja ukae." Nikaahidi. Ikaja Kwaresima, ikaja Pasaka, yakaja mavuno ya alizeti na michango yake. Nilipofika tena nyumbani kwake, nilikuwa nimebeba mafuta matakatifu ya Mpako wa Wagonjwa, naye alikuwa hawezi tena kusema. Aliushika mkono wangu. Siku ya tatu tukamzika.

Nimeadhimisha Misa kwa ajili yake, na ninaamini yu mikononi mwa Bwana. Lakini mwisho wa ile hadithi ameondoka nao, na aliyeupoteza ni mimi, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kukaa.

Basi nimewaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanisaidie jambo moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Utoto Mtakatifu, mzee mmoja, mama au baba, ataalikwa kuketi na watoto barazani pa kanisa na kusimulia: hadithi za zamani, habari za wakatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu hadi vijiji vya kando ya msitu wetu wa Mgori, njaa walizopitia, na jinsi Mungu alivyowavusha. Wasimulie kwa Kinyaturu au kwa Kiswahili, kama watakavyopenda. Vijana wenye simu watarekodi, kwa idhini ya mzee mwenyewe. Simu ileile tunayoilaumu ifanye kazi ambayo kabati la baba yangu halikuweza kuifanya.

Na nyumbani, juma hili, naomba kila familia ijaribu jioni moja tu. Kipindi kiishe, runinga izimwe, na mtu mzima aseme, "Hadithi, hadithi!" Watoto wataitika. Asiyejua hadithi asimulie siku alipozaliwa mtoto wake, au siku alipobatizwa. Hiyo ni hadithi ambayo hakuna kituo chochote duniani kitakachoirusha, na mtoto hataipata kwingine.

Yule binti aliyeniuliza kama tulikuwa tunalala tu, sikumpa jibu siku ile, mvua ilikuwa imekwisha na wenzake wameanza kukimbia. Nitampa Jumamosi ijayo. Nitamweleza habari za binti, kisima na fisi, hadi pale ninapopajua. Kisha nitawauliza wazee watakaokuwapo kama yupo anayejua mwisho wake. Kama yupo kati yenu, nakuomba usinieleze njiani. Nitakuja nikae.

Bwana awe nanyi, azibariki nyumba zenu na watoto wenu.

Paroko wenu.